Nukta ya Ghaini

Katika khati za Kiarabu, ambazo wazee wetu wa visiwani na mwambao walizitumia kuandikia Kiswahili kwa karne nyingi, herufi aini na herufi ghaini zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta moja inayokaa juu ya ghaini, ilhali aini haina kitu juu yake. Kwa msomaji wa msahafu jambo hili si kitendawili, kwani amelijua tangu siku zake za chuoni. Ama mtu anayelisoma daftari la zamani, lililoliwa na wadudu na kunywa unyevu wa masika mengi, huyo nukta ile yaweza kumwinua au kumwangusha. Mimi iliniangusha. Ninayoyaandika hapa ni habari ya kuanguka huko, na ya namna nilivyojifunza kupiga picha safi kwa simu ya bei ndogo, kwa kuwa mambo hayo mawili kwangu mimi ni habari moja.

Mwezi wa Aprili, mwaka 2017, nilivuka bahari kwenda Pemba kwa ajili ya daftari moja. Mwenye daftari ni Bi mmoja wa kijiji kilicho karibu na Wete, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima yake. Wakati ule umri wake ulikwishavuka miaka themanini, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa chuo na mtunzi wa mashairi. Tungo zake aliziandika kwa kalamu ya mwanzi, katika kurasa arobaini na mbili ambazo binti yake alizirithi na kuzitunza kashani, zimeviringwa katika kipande cha bafta. Nilipomwomba anipe ruhusa ya kwenda nazo Unguja kwa muda wa wiki mbili, alitabasamu.

"Mwanangu," aliniambia, "walioazima vitu vya baba ni wengi. Waliorudisha siwajui."

Sharti lake lilikuwa la haki. Hati za Kiswahili zilizokusanywa na kuhifadhiwa vyema zipo: zipo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zipo London. Lakini nyingine zingali makashani mwa watu, na wenye makasha wana kumbukumbu ndefu. Basi tulikubaliana kwamba daftari lisivuke kizingiti, nami niruhusiwe kulipiga picha humo humo ndani.

Nilikuwa nimefika alasiri, mvua inanyesha, na boti ya kunirejesha Unguja ilikuwa ya asubuhi yake. Kazi niliifanya baada ya sala ya Isha, chini ya taa ya globu moja iliyoning'inia darini. Daftari liliwekwa juu ya mkeka, mimi nikaliinamia, simu mkononi, mjukuu wa Bi akinifungulia kurasa. Kwa muda usiofika saa moja tulimaliza zote arobaini na mbili. Nilizitazama picha zangu kwenye kioo cha simu nikaridhika nazo. Sikujua kwamba kwenye kioo kidogo kama kile kila picha ni nzuri.

Kabla sijaondoka, Bi aliniambia ombi lake. Miongoni mwa tungo zile kulikuwa na shairi ambalo baba yake alimtaja dada yake mkubwa. Dada huyo aliolewa na baharia katika miaka ya hamsini, akapanda naye jahazi kwenda Mombasa, na kutoka huko wakaendelea mbele. Hakurudi tena. Nyumbani jina lake liliacha kutajwa. Watoto waliokua nyuma yake walielewa, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba alimfanyia baba yao jambo la kumvunjia uso. Hata katika hitima ya kila mwaka, yanaposomwa majina ya maiti wa ukoo ili waombewe dua, jina la dada halikuwamo. Bi alikuwa mdogo dada alipoondoka. Alichokitaka ni kusikia baba yao alisema nini juu yake.

Nilirudi Unguja nikaanza kazi ya kuzigeuza khati za Kiarabu kuwa za Kirumi. Shairi lenyewe lilikuwa tarbia ya beti kumi na saba. Katika ubeti wa tatu, mwisho wa mshororo wa pili, nilikutana na neno lililoandikwa juu ya doa kubwa la maji. Nililisoma mara mbili, mara tatu, nikaandika: mwanangu yu aibuni.

Nilimpigia simu mjukuu, naye akamwekea Bi simu sikioni. Nikamsomea ubeti. Alinyamaza kwa muda, nami nilidhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Mungu amrehemu." Baada ya siku chache mjukuu aliniambia kwamba Bi ameamuru daftari lirejeshwe chini kabisa ya kasha, na tangu siku ile hajalitaja.

Shaka ilinijia nilipofika ubeti wa kumi na moja. Hapo mtunzi anauomba upepo wa kaskazi umletee habari za mwanawe. Nikajiuliza: mtu ambaye mwanawe amemwaibisha, kwa nini auombe upepo habari zake? Anayeuliziwa kwa upepo ni aliye mbali, aliye ng'ambo ya bahari. Ndipo nilipokumbuka kwamba liko neno jingine, lenye kuandikwa kwa herufi zile zile na irabu zile zile, ila kwa nukta moja zaidi. Neno hilo ni ghaibuni, yaani ugenini, mbali na macho ya watu wake.

Arudhi haikunisaidia. Aibuni ni mizani nne, na ghaibuni ni mizani nne. Kina cha moja ni "ni", na cha jingine ni "ni". Mtunzi wa mashairi amezoea kuitegemea mizani imkemee anaposoma vibaya, kama mwalimu anavyomkemea mwanafunzi. Mara hii mwalimu alinyamaza. Shahidi pekee aliyebaki alikuwa nukta, na nukta ilikuwa Pemba.

Nilifungua picha nikaikuza. Juu ya herufi ile palikuwa na wingu la kijivu. Nikaikuza zaidi, na wingu likazidi kuwa kubwa. Picha isiyo safi ina tabia hiyo: kadiri unavyoikaribia, ndivyo inavyokukimbia. Lakini jambo lililonikosesha usingizi si wingu lile. Nilijiuliza: ikiwa picha haikuonyesha nukta wala haikuonyesha ukosefu wa nukta, neno "aibu" nililitoa wapi? Nililitoa katika masimulizi niliyosimuliwa kabla ya kusoma. Mahali picha ilipofifia, uvumi wa miaka sitini ulipata nafasi ya kukaa, nami nikamrudishia yule Bi uvumi wake mwenyewe kwa sauti ya baba yake.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja, mtu mwenye ujuzi wa picha, aliniambia kwamba kosa ni la simu. Nilihitaji, kwa maneno yake, kamera ya haja na lenzi maalumu ya vitu vya karibu. Akanitajia bei. Ilikuwa milioni nne na kitu za shilingi, ambazo kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa wa tafsiri ni sawa na kuambiwa anunue jahazi. Kwa kuwa sikuwa na fedha, ilinibidi nifikiri.

Nilianza na hesabu. Wanaohifadhi maandishi kwa picha huridhika kwa kawaida na kipimo cha vitone 300 kwa kila inchi ya karatasi. Ukurasa wa ukubwa wa A4 kwa kipimo hicho unahitaji vitone 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, yaani jumla ya vitone milioni 8.7 hivi. Simu yangu ilikuwa na uwezo wa milioni 12, na daftari la yule mwalimu lilikuwa dogo kuliko A4. Kwa kipimo hicho nukta yenye upana wa milimita moja hupata vitone kiasi cha kumi na viwili kutoka upande hadi upande, navyo vinatosha kwa mtu kuiona na hata kulijua umbo lake. Simu, kwa hiyo, haikuwa na dhambi. Mwenye dhambi alikuwa aliyeishika.

Neno kamera asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Kabla haijawa chombo, kamera ilikuwa chumba cha giza chenye tundu ukutani, ambamo mwanga wa nje huingia na kuchora taswira ya vitu juu chini kwenye ukuta wa pili. Miongoni mwa waliokichunguza chumba hicho kwa makini ni Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040. Aliitazama kwa njia hiyo taswira ya jua lililopatwa, akaeleza kwamba ubayana wake unategemea udogo wa tundu. Mtu yule hakuwa na lenzi. Alikuwa na ukuta, tundu na subira, na alichokiona hakijabatilika hadi leo.

Iko pia picha mashuhuri aliyoipiga Mfaransa Louis Daguerre mwaka 1838 kutoka dirishani, ikionyesha barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha inaonekana tupu, kwa sababu chombo cha wakati ule kilihitaji dakika kadhaa kunasa taswira, na kila kilichokuwa kikienda hakikuacha alama. Anayeonekana ni mtu mmoja aliyesimama kando ya njia akisafishiwa viatu. Alionekana kwa sababu alitulia. Nilipoitafakari picha hiyo nilikumbuka studio niliyopelekwa utotoni hapa Mji Mkongwe, ambako mpiga picha alikuwa akituambia tusipepese macho wala tusipumue mpaka aseme basi. Sisi watoto tulidhani anatutisha, kumbe alikuwa akitufundisha nusu ya elimu yake.

Basi nilichukua karatasi nikaandika aini kumi na ghaini kumi, nimezichanganya, kwa wino niliouzimua maji ili ufifie. Nikazipiga picha kama nilivyofanya Pemba: usiku, chini ya globu, simu mkononi. Picha nikampa mke wangu, karatasi nikaificha. Katika herufi ishirini alikosea saba. Kuanzia hapo nilifanya majaribio kwa wiki tano, nikibadilisha jambo moja moja, na kila jioni mke wangu akinisomea herufi zangu kama mtoto wa chuoni. Niliyoyapata nayaeleza hapa kwa faida ya kila mwenye kasha nyumbani.

La kwanza ni kusafisha lenzi. Jambo hili ni jepesi hata mtu huona haya kulitaja, na pengine ndiyo sababu halitajwi. Simu hukaa mfukoni, hushikwa kwa vidole vyenye mafuta, na sisi wa visiwani tuna hewa ya bahari ambayo hupaka kila kioo utando wa chumvi. Kipande cha pamba kilichofuliwa mara nyingi kinatosha. Kwa kuufuta utando huo peke yake makosa ya mke wangu yalishuka kutoka saba hadi matano.

La pili ni mwanga. Chini ya globu hafifu, simu hulazimika kufungua jicho lake kwa muda mrefu ili ipate mwanga wa kutosha, na katika muda huo mkono hutikisika. Wapiga picha wa zama za filamu walikuwa na kanuni: ukitumia lenzi ya milimita 50, usishike kamera kwa mkono kwa muda unaozidi sehemu ya hamsini ya sekunde. Simu haikuulizi wala haikuonyi. Inafungua tu kwa kadiri ya giza lako. Basi niliiacha globu nikahamia dirishani asubuhi, mahali ambapo jua lenyewe halifiki bali weupe wake unaingia. Upande wa pili wa karatasi nilisimamisha kadi nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Ama ile taa ya simu inayomulika ghafla, niliizima kabisa, kwa kuwa hung'arisha karatasi mahali pamoja na kuiteketeza nukta katika mng'aro huo.

La tatu ni utulivu. Nilimpelekea seremala kipande cha ubao, akanitobolea tundu la ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Ubao niliulaza juu ya vigoda viwili, simu nikailaza juu ya ubao, jicho lake likitazama chini kupitia tunduni, na karatasi ikawa sakafuni baina ya vigoda. Hata hivyo kidole kinapobonyeza, simu hutikisika. Dawa yake imo ndani ya simu yenyewe: iko saa inayochelewesha picha kwa sekunde chache. Unabonyeza, unaondoa mkono, unazuia pumzi kama tulivyofundishwa studio, na picha inajipiga. Baada ya ubao na saa, mke wangu alikosea moja tu.

La nne ni kulenga. Simu ikiachiwa huchagua yenyewe kitu cha kukitazama, na aghalabu huchagua kisichokuhusu. Uguse kioo juu ya herufi unayoitaka, usubiri itulie. Usiilete karibu mno, kwani kila lenzi ina umbali ambao chini yake haioni tena. Ukifika hapo, irudishe nyuma kidogo. Wala usivute kwa vidole ili kukuza kabla ya kupiga, kwa kuwa katika simu nyingi za bei ndogo kukuza huko ni kukata picha na kuitanua, hakuongezi chochote kilichoonekana. Ukitaka zaidi, upige ukurasa kwa vipande vinne, kila kipande kikijaza kioo.

La tano lilinifurahisha kuliko yote. Ikiwa simu imeinama japo kidogo, upande mmoja wa ukurasa utakuwa safi na wa pili utafifia. Namna ya kujua kama imelala sawa na karatasi ni kuweka kipande kidogo cha kioo cha kujitazamia juu ya ukurasa. Ukiliona jicho la simu ndani ya kile kioo, tena katikati kabisa ya picha, basi viwili hivyo vimetazamana uso kwa uso. Ukiliona limekwenda pembeni, chomeka karatasi iliyokunjwa chini ya kigoda kimoja mpaka lirudi katikati.

La sita, na la mwisho, ni kuhakikisha papo hapo. Kila ukurasa upige mara tatu, kisha ukuze kila picha na kuikagua pembe zote nne kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Laiti ningelifanya hili la sita peke yake usiku ule wa Aprili, nisingelikuwa na makala ya kuandika.

Mke wangu aliposoma herufi ishirini bila ya kosa, jioni tatu mfululizo, nilikata tiketi ya boti. Ilikuwa mwezi wa Julai, kipupwe, mbingu safi. Ndani ya mkoba wangu mlikuwamo simu ile ile, ubao wenye tundu, kipande cha kioo, kadi nyeupe na tambara la pamba. Gharama ya vyote hivyo, ukiiacha simu, haikufika nauli ya boti.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Umesahau nini?"

Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia kweli. "Bi, nimekuja kukutaka radhi. Ubeti niliokusomea huenda niliusoma vibaya. Nilikuwa sijaona vizuri, na mimi nikasema kama niliyeona." Hakunijibu kwa upesi. Baadaye alimwita mjukuu wake akamwamuru alete kasha.

Pengine msomaji atauliza kwa nini nisilitazame daftari kwa macho yangu na nikamaliza. Nililitazama. Doa la maji lilikuwa limeupausha wino ukawa na rangi ya karatasi yenyewe, na juu ya ukurasa ule palikuwa na vidoa vingi vidogo vilivyoachwa na nzi na wadudu wengine. Juu ya herufi niliyoitafuta macho yangu yaliona vidoa vitatu, vyote vya aina moja. Mtu aliyetaka ghaini angelichagua kimoja akafurahi, na aliyetaka aini angelivikataa vyote. Nilikwishafanya kosa la kuchagua mara moja.

Niliweka ubao karibu na dirisha la ukumbi, nikakiweka kioo changu, nikachomeka karatasi chini ya kigoda. Dirisha lilikuwa ubavuni, hivyo mwanga ulipita juu ya karatasi mshazari. Mwanga wa namna hiyo una faida yake: kilichoinuka hutoa kivuli, na kilichonywewa na karatasi hakitoi. Nikagusa juu ya herufi, nikabonyeza, nikaondoa mkono. Mimi, Bi na mjukuu wake, sote watatu tulizuia pumzi bila ya kuambizana.

Nilipoikuza picha, vidoa viwili kati ya vitatu vilikuwa duara, vimeinuka, na kila kimoja kina ukingo wa kivuli. Hivyo vilikuwa vya nzi. Cha tatu kilikuwa kimelala ndani ya karatasi, hakina kivuli, na hakikuwa duara. Kilikuwa na pembe nne, kimesimama juu ya pembe moja, umbo la kashata. Kila aliyewahi kuandika kwa kalamu ya mwanzi anaijua alama hiyo. Ncha ya kalamu ile ni pana na imekatwa mshazari, na unapoitua karatasini ili kutia nukta huacha umbo hilo. Nzi hatui namna hiyo. Nilizilinganisha na nukta nyingine za ukurasa ule ule, zilizobaki na weusi wao. Upana ulikuwa mmoja na mwinamo mmoja.

Sikutaka kumwambia Bi nilichokiona. Nilikwishamwambia mara moja, na ulimi wangu ulikwishapoteza haki hiyo. Nilichofanya ni kuikuza herufi ile mpaka ikajaza kioo chote cha simu, nikaongeza weusi wa wino na weupe wa karatasi kwa kadiri simu ilivyoweza, nikampa mkononi. Yeye alisoma chuo kwa baba yake mwenyewe. Herufi alizijua kabla yangu mimi sijazaliwa. Kilichomshinda ni ukubwa wake tu, na ukungu wa macho yake.

Aliisogeza simu karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kidole chake kikapita juu ya kioo, kikifuata mkunjo wa herufi kutoka juu kwenda chini kama watoto wanavyofundishwa. Kikafika juu yake kikasimama.

"Ghaini," alisema.

Nilimsogezea picha ili aipate herufi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Alizitaja moja moja pamoja na irabu zake, kwa ile sauti ya kuvuta ya chuoni, mpaka neno likakamilika. Kisha akalisema lote kwa pamoja, polepole, na hakuniuliza kama amelisoma sawa.

Tulikaa muda mrefu bila ya maneno. Nje kuku walikuwa wakiparuza chini ya mkarafuu. Mwishowe Bi alinirudishia simu, akajifunga vizuri kanga yake, akamgeukia mjukuu.

"Ile karatasi ya majina ya hitima iko wapi?" aliuliza. "Ilete, na kalamu. Huyu mwenzetu atatuandikia."